Folda ya Baba Iwe ya Kwanza

Asikiaye la mkuu ndiye avunjikaye guu. Najua kwenu mlifundishwa kinyume chake. Hata kwetu. Lakini guu lililovunjika hapa ni langu, kwa hiyo niacheni niipange methali kadiri ya maumivu yangu.

Mkuu ninayemsema ni baba yangu. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka ishirini na minane katika idara ya mabwawa, kwenye chumba kilekile ninachofanyia kazi mimi sasa, kwenye meza ileile yenye droo isiyofunga. Walimwita Fundi Maji. Mimi nilipoajiriwa, stashahada yangu ya kompyuta ikiwa bado inanukia wino, hawakujisumbua kunitafutia jina. Nikawa Binti Fundi Maji, na baada ya wiki mbili, Binti tu.

Kazi yetu, ukiiondolea makaratasi, ni kujibu swali moja: mvua kubwa kuliko zote ikinyesha, bwawa litahimili? Huwezi kulijibu kwa kuingoja mvua hiyo. Tuna programu inayoiga maji. Unaipa vipimo vya bwawa, kimo cha ukuta na mvua ya siku nzima, nayo inakuonyesha saa kwa saa maji yatakavyopanda. Ukuta wetu ni wa udongo, kimo chake mita kumi na mbili. Ukuta wa namna hiyo ukiyazuia maji kwa upande mmoja unaweza kudumu miaka mia. Yakipita juu yake yanaanza kuula kwa nyuma, na ukianza kuliwa hauponi.

Chini ya ukuta huo kuna nyumba mia mbili na kumi. Moja ina geti la buluu na mapacha wa miaka minne wanaobembea juu yake mpaka bawaba zinalia. Ni nyumba ya dada yangu. Kiwanja alimchagulia Baba, na msingi Baba aliupima mwenyewe kwa kamba.

Programu hiyo iliishi kwenye kompyuta kuukuu tuliyoiita Bibi, kwa kuwa ilikohoa, ilikuwa na siri za kila mtu, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Wiki chache kabla ya mvua kuanza, Bibi alizimika. Diski yake ilisomeka, yeye mwenyewe hakurudi.

Mkuu wa idara alileta kompyuta mpya, bado ina plastiki kwenye kioo. Tunamwita Bwana Sahihi, maana hajawahi kukutana na karatasi akaiacha ipite hivihivi bila sahihi yake.

"Binti," aliniambia, "nataka programu ya baba yako iwe hai ndani ya siku tano. Tunajaza bwawa hadi mita kumi na moja na nusu mwaka huu. Mji una kiu."

"Ni programu ya idara, bosi."

"Ndiyo hiyohiyo."

Programu ya namna hii haihamishwi kama kiti. Inajengwa upya. Kwanza maandishi yake yanatafsiriwa kipande kwa kipande kuwa lugha ya mashine. Halafu chombo kinachoitwa kiunganishi kinavishona vipande hivyo pamoja na maktaba, yaani mafungu ya hesabu ambayo watu wengine walikwisha kuyaandika. Kiunganishi hakina akili ya kujiongeza. Unakipa orodha ya folda, ambayo sisi tunaiita njia, nacho kinapita folda moja baada ya nyingine kikitafuta maktaba kwa jina lake. Ya kwanza kuonekana yenye jina hilo ndiyo inayochukuliwa. Hakiulizi kama ni mpya au ya zamani, wala ina nini tumboni.

Siku ya kwanza kilinijibu kwamba maktaba ya maji haipo. Kilikuwa na haki: njia iliyoandikwa kwenye maelekezo ilianzia kwenye diski ya Bibi, sawa na kumtuma mtu nyumba iliyokwisha kubomolewa. Nikachukua maandishi ya maktaba kwa watu wanaoitunza, nikaijenga, nikaiweka mahali pake. Siku ya pili kikalalamika kwamba kuna hesabu arobaini na moja zimetajwa lakini hazionekani, kumbe nilikuwa nimeitaja maktaba kabla ya vipande vinavyoihitaji. Nikageuza mpangilio. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, programu ikajengeka bila neno.

Nikaipa mvua. Saa ya tisa tangu mvua ianze, maji yakafika mita kumi na mbili. Saa ya kumi, yalikuwa kumi na mbili na sentimita hamsini na nane.

Nikampigia Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Bibi ametutoka. Nimejenga kwenye mashine mpya. Baba, maji yanavuka ukuta."

Alicheka. Si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza jikoni. "Mwanangu, nimeyaendesha maji hayo miaka kumi na tisa. Hayajawahi kuvuka. Maktaba umeitoa wapi?"

"Kwa wanaoitunza."

"Ndiyo hapo. Umepikia sufuria ya jirani, sasa unashangaa chumvi. Chukua folda yangu kwenye diski ya Bibi, yote, kama ilivyo. Iweke ya kwanza kwenye njia. Usiguse kitu."

"Na hii yangu?"

"Yako! Una miezi saba kazini, umeshakuwa na yako?"

Tukacheka wote wawili. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba nilicheka.

Folda ya Baba iliitwa Kazi Zangu, maneno mawili yenye nafasi katikati. Nikainakili, nikaiweka ya kwanza, nikajenga. Maji yakavuka tena, sentimita zilezile. Nikasoma maonyo moja moja mpaka nikaona kiini: kwa sababu ya ile nafasi, kiunganishi kilidhani nimetaja folda mbili, moja Kazi na nyingine Zangu. Kilizitafuta, hakikuziona, kikaendelea mbele hadi kwenye maktaba yangu. Nikalifunga jina lote ndani ya alama za nukuu. Kikaingia kwa Baba bila kubisha hodi.

Niliruka kwenye kiti. Nilimwonyesha hata mwenzangu, mchoraji wa ramani anayekaa dirishani, jinsi nilivyoinasa kasoro ndogo kama ile. Leo nikikumbuka najua kwamba nafasi ile kati ya maneno mawili ndiyo iliyokuwa inatulinda, na mimi niliiziba kwa mikono yangu, tena kwa majigambo.

Safari hii maji yalipanda hadi ukingoni na yakatulia. Nikachapa ripoti. Bwana Sahihi aliitia sahihi amesimama, mlangoni, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa mchoraji. Ijumaa milango ya bwawa ikafungwa. Kipimo kilikuwa mita kumi, na kila asubuhi mlinzi wa bwawa alituletea namba mpya: mita kumi na sentimita kumi, kumi na ishirini.

Dada alinipigia simu wiki hiyo. "Eti mnatujazia beseni juu ya kichwa?"

"Baba anasema hayavuki."

"Baba akisema, mimi ni nani? Basi, nilitaka kujua kama nianike nguo."

Siku ya nane tangu milango ifungwe, mchoraji akaniita. Alikuwa anaandaa michoro ya mkutano: kamati inayosimamia usalama wa bwawa ilikuwa inakuja Jumanne kutoa kibali cha mwisho cha kulijaza, na Baba amealikwa kama mgeni wa heshima.

"Binti, hebu njoo. Hapa umenipa maji au umenipa paa la nyumba?"

Nikatazama. Mstari ulipanda kwa mawimbi, saa ya kwanza, ya tano, ya nane, kisha kuanzia saa ya tisa ukawa umenyooka kama umepigwa rula. Kumi na mbili nukta sifuri sifuri. Saa ya kumi, vilevile. Saa ya kumi na nne, vilevile.

"Maji gani haya yanasimama kama askari wa gwaride?" mchoraji akasema. "Mimi nimeoga kwenye ndoo maisha yangu yote. Ukimwaga, yanatikisika."

Nilijumlisha maji yote yaliyoingia bwawani, nikatoa yaliyotoka na yaliyobaki. Hesabu haikukubali. Kuna maji mengi, ya kujaza uwanja wa mpira mpaka juu ya magoli na zaidi, yaliyoingia kwenye hesabu na kutoweka. Nikakiamuru kiunganishi kinitajie kila faili kilikochota hesabu. Kikataja: Kazi Zangu. Maktaba ya Baba na ile ya watunzaji zilikuwa na jina moja, lakini ya Baba ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nikaifungua tumboni kwa chombo cha kukagulia. Nilichukua saa tatu kupata amri moja: maji yakizidi kimo cha ukuta, andika kimo cha ukuta.

Hakuna zaidi ya hapo. Alikuwa ameyafunika maji kwa kifuniko, na chochote kilichozidi kilifutwa. Mvua yoyote, hata ya gharika, programu ingesema ukuta umehimili. Na kila kibali cha kujenga chini ya ukuta kilitolewa kwa hesabu hiyo.

Jumapili asubuhi nilimkuta Baba kwenye kibaraza akinoa visu vya Mama juu ya jiwe, na kikombe cha maji pembeni. Nilimwamkia, nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia vyote. Mwanzoni aliendelea kunoa. Kisha kisu kikasimama.

"Walikuja wageni," alisema polepole. "Wakubwa. Kila nikiyapandisha maji juu ya ukuta programu inaanguka, kioo cheusi. Maktaba ilikuwa na ugonjwa huo zamani. Nikaweka kifuniko asubuhi ileile ili isianguke mbele yao. Cha siku moja. Walipiga makofi." Akachovya vidole kwenye kikombe. "Nilisema nitakitoa kesho yake."

"Ulisahau."

"Nilisahau." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamka kwenye chumba asichokijua. "Mwanangu, nilisahau kabisa. Ningejua, ningempimia dada yako kiwanja pale?"

Nilimwamini. Mpaka leo namwamini. Nilisogea nikamshika goti, nikasema, "Basi Jumanne tutawaambia. Wewe na mimi."

Akaondoa goti.

"Tutawaambia nini? Kwamba miaka kumi na tisa nilikuwa naendesha kifuniko? Wewe weka maktaba mpya kimyakimya. Mwaka huu ripoti ishushe kina cha kujaza kwa sentimita ishirini, mwakani ishirini. Watu hawatashtuka."

"Baba, bwawa linajaa sasa hivi. Leo lipo mita kumi na sentimita tisini."

"Mvua kubwa kiasi hicho huja mara moja katika miaka mia."

"Na ikija wiki hii? Dada je?"

Alijaribu makali ya kisu kwa kucha ya kidole gumba. "Dada yako nitamwita. Nitasema nina hamu na wajukuu, waje wakae huku mpaka mvua ziishe."

Mama alikuwa jikoni akigonga sahani, na harufu ya jiwe lililolowa ilinijaa puani.

"Nyumba ni mia mbili na kumi, Baba."

"Sikujui ukiongea hivyo," akasema, akachukua kisu kingine.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Sahihi nikiwa na michoro miwili. Aliitazama kama anavyoitazama karatasi isiyo na mahali pa sahihi. "Baada ya mkutano, Binti. Mgeni wa heshima ni baba yako. Utamvua nguo mzee wako mchana?"

"Baada ya mkutano mtakuwa mmeshatoa kibali."

"Kibali kinaweza kurekebishwa."

"Na ukuta?"

Akanionyesha mlango. Si kwa hasira, kwa kidevu tu.

Jumanne chumba kilijaa. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mhandisi mwenye sauti ndogo, alikaa mbele na penseli. Baba alikaa kulia kwake amevaa koti lake la kustaafia. Zamu yangu ya kuonyesha ripoti ilipofika, sikuonyesha ripoti. Niliendesha programu mara mbili mbele yao, mvua ileile, bwawa lilelile, mara ya kwanza kwa maktaba ya zamani na mara ya pili kwa mpya. Mara ya kwanza mstari ukanyooka. Mara ya pili ukavuka ukuta na kuendelea kupanda. Nikawaonyesha pia hesabu ya maji yaliyopotea, ili asiwepo wa kusema ni maoni yangu.

Bwana Sahihi alisimama haraka. "Wajumbe, mashine ni mpya, kijana ni mpya. Hitilafu ni jambo la kutarajiwa. Tuna bahati mwenyewe yupo. Mzee, tuamulie. Ipi ni ya kweli?"

Watu wote wakamgeukia Baba. Alinyoosha mkono wa koti. Nilimngoja. Mungu ni shahidi wangu, nilimngoja mpaka nikasikia mtu akimeza mate. Angesema "kifuniko ni changu, nilisahau," ningelikuwa wa kwanza kusimama upande wake, na nadhani chumba kizima kingesimama pia.

"Mashine mpya," alisema Baba, "huwa na mambo yake."

Mwenyekiti akaanza kuandika. Niliiona penseli ikitembea, nami nilijua inaandika nini: kibali kitoke, mashine ikaguliwe.

"Si mashine," nikasema. "Kwenye maktaba ya zamani kuna amri inayofuta maji yote yanayozidi ukuta. Aliyeiweka ni baba yangu. Alikiri kwangu juzi, Jumapili. Aliiweka kwa ajili ya onyesho, akasahau kuitoa. Folda ni yake, tarehe ni ya siku zake. Msijaze bwawa hilo."

Penseli ikasimama. Baba akainuka, akafunga kifungo kimoja cha koti, akapita kati ya viti. Hakunitazama. Mlango wa chumba kile hufunga kwa kishindo hata ukiuachia taratibu. Siku ile ulifunga bila sauti, maana aliushika mpaka mwisho.

Milango ya bwawa ilifunguliwa jioni ileile kwa amri ya Mwenyekiti. Maji yakashuka hadi mita tisa. Na mvua? Mvua ilinyesha kama mvua za kila mwaka. Haikuvunja kitu. Hakuna aliyekufa, hakuna hata kuku aliyelowa. Ndiyo maana nadaiwa radhi. Bwawa lingepasuka, ningeitwa shujaa na kupewa kiti. Halikupasuka, kwa hiyo nimemwaibisha mzazi bure. Mji una mgawo wa maji. Nyumba za chini ya ukuta zimepigwa alama nyekundu zikingoja uamuzi, na geti la buluu lina alama mbili, moja kila upande.

Kwa dada niliomba radhi. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti kwenye sakafu aliyopimiwa na Baba, nikamwambia: siku kumi na moja ulilala chini ya maji kwa sababu ya ripoti yangu. Jibu sahihi nilikuwa nalo mezani siku ya tatu, nikalitupa kwa kuwa Baba alicheka. Unisamehe. Akasema, "Inuka, unawatisha watoto." Sijui kama huo ni msamaha. Nimeupokea hivyohivyo.

Jumamosi iliyopita Mama aliniita nyumbani. Alikuwa ametandika meza vizuri kupita kawaida. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi kiasi cha unene wa mkono, na nyuma yake kitanda kilitoa mlio mtu alipogeuka.

"Hali, halali, haongei," Mama akasema. "Watu aliokuwa anakaa nao jioni wameacha kuja. Mwanangu, sikwambii ulikosea hesabu. Mimi hesabu sizijui. Nakwambia ni baba yako. Ingia mle, sema samahani, neno moja tu, halitakuchubua ulimi."

"Ulimi wangu ni mzima, Mama. Yeye ndiye aliyeulizwa mbele ya watu, ulimi wake ukamkimbia."

"Ungemwacha tu aongope. Wangeligundua wenyewe baadaye."

"Baada ya nini?"

Akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Ninampenda," nikasema, nikapaza sauti ili ipite kwenye ufa wa mlango, maana sikutaka aseme hakusikia. "Akitaka nije nikae naye kibarazani kila jioni, nitakuja. Akitaka kunoa visu, nitamshikia jiwe. Aliyeniuliza kwenye simu kama nina maktaba yangu, mwambie sasa ninayo, na ipo ya kwanza kwenye njia."

Kitanda kikalia tena. Mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, iliyolowa maji ya vyombo.

"Neno moja, mwanangu. Kwa ajili yangu."

Nikamtazama machoni, nikamwambia kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha:

"Siombi radhi, Mama. Si leo, si kesho. Siombi."